Yublina Aliyemwaga Moto

Ukimtaja Yublina Tefa kwa jina lake, nusu ya watu wa kwetu watakuuliza Yublina yupi. Sema yule aliyemwaga moto, hata mtoto wa shule atakuonyesha nyumba. Wanaolitamka jina hilo kwa kubeza bado wapo, nami nawajua mmoja mmoja, kwa sababu ni haohao wanaokuja kwangu kuazima chumvi. Nimeishi ng'ambo ya ua wake tangu alipoletwa pale bi harusi. Ua wenyewe ni wa mawe yaliyopangwa, unafika kiunoni, na yaliyosemwa upande ule niliyasikia bila kutega sikio. Nitayasema kama yalivyokuwa. Atakayenuna na anune.

Kwetu, chini ya mlima Mutis, kila familia ina nyumba mbili. Ya mbele ni ya matofali na bati, ina viti vya plastiki, picha ya Yesu na mapazia yaliyofuliwa, na halali mtu humo kwa sababu ni ya wageni. Ya nyuma ni msonge. Nyasi zake zinashuka mpaka chini, mlango unaingiwa kwa kuinama, dirisha hakuna. Humo ndimo tunamoishi. Moto uko katikati, na juu yake darini yamening'inia mahindi ya mwaka mzima pamoja na mbegu za mwaka ujao. Moshi ndio unaoyalinda na wadudu, kwa hiyo moto hauzimwi, iwe mvua iwe jua, iwe harusi iwe msiba.

Mwanamke akijifungua analazwa humo kwenye kitanda cha mianzi, makaa yanasukumwa chini ya kitanda, mlango unafungwa, naye anakaa na mtoto wake mpaka arobaini. Wanakaushwa, ndivyo tunavyosema. Kazi ya kuchochea ni ya mama mkwe, na ndiye anayemkanda mzazi kwa maji ya moto kila asubuhi. Mimi nimekaushwa mara nne. Kila mara nilitoka na macho mekundu kama ya mlevi, nikashukuru, maana nyanya yangu alikuwa amenieleza kinachompata mwanamke asiyekaushwa: damu nyeupe inampanda kichwani, anakimbilia porini uchi.

Mtoto wa kwanza wa Yublina aliitwa Debora. Alizaliwa mwezi wa baridi, ana mashavu na ana sauti, akaingizwa msongeni kama wenzake wote. Arobaini haijafika akaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo, kama cha paka, wala hakikumtisha mtu. Kisha akawa anapumua haraka, ngozi inabonyea chini ya mbavu, titi akipewa analiacha. Mama Orpa, mama mkwe wa Yublina, alisema ni baridi na akaongeza kuni. Walipokubaliana kumpeleka zahanati, midomo ya mtoto ilikuwa imeshabadilika rangi, na hawakufika naye.

Walimzika nyuma ya msonge. Watu walikuwa bado hawajanawa udongo mikononi, Mama Orpa akasema mbele ya wote, "Mama yake alilala, moto ukazimika. Baridi ndiyo iliyomwua mjukuu wangu."

Nadhani Yublina hata hakusikia siku ile. Lakini kijiji kilisikia, na neno lile likamganda. Kisimani, kanisani, sokoni, alikuwa mwanamke aliyelala moto ukazimika. Nimrot, mume wake, alikuwa amesimama palepale kaburini na hakufungua mdomo. Nimrot ni mtu mwema, sina ugomvi naye, ila mama yake akiwepo anakuwa kama gunia lililoegemezwa ukutani.

Aliposhika mimba ya pili, Yublina alianza kwenda zahanati mapema na kuuliza maswali. Jioni moja alikuja kuegemea ua wangu, mimi nikiwa kwenye mtande nafuma.

"Dada, hebu nambie. Moshi unaoua wadudu wa mahindi unafanya nini kwenye mapafu ya mtoto?"

"Swali gani hilo?"

"Mkunga anasema mapafu ya kichanga ni mepesi kama utando wa yai. Anasema joto mtoto analipata kifuani kwa mama yake, halipati kwenye kuni. Na anasema kikohozi cha mtu mzima mmoja kinatosha kumlaza mtoto. Nakuuliza wewe uliyekaushwa na wanne."

"Wangu wako hai."

"Wote wanne?"

Nikavuta uzi. Wako hai watatu. Yeye alijua, na aliuliza makusudi, na siku ile nilimchukia kidogo.

Mtoto wa pili alizaliwa zahanati mwezi wa saba, msichana tena. Nilikuwa uani waliporudi. Nimrot alibeba kikapu, Yublina amempakata mtoto ndani ya vitambaa, na Mama Orpa alikuwa amesimama mlangoni mwa msonge, ameshautengeneza moto, moshi unamtoka nyuma ya mgongo. Yublina akampita. Akashika njia ya nyumba ya mbele.

"Unakwenda wapi?" Mama Orpa akauliza.

"Ndani."

"Ndani ni huku."

"Huko ni kwa mahindi, Mama. Mimi nalala hapa."

"Hapo ni kwa wageni, wewe."

"Basi mwanangu ni mgeni. Amefika leo."

Mimi nilicheka, sikujizuia. Mama Orpa alinitupia jicho, kisha akageuza sauti ikawa ya upole. "Yublina, mwanangu, baridi hii itamwua huyo mtoto hata Jumapili haijafika."

"Wa kwanza ilimwua, ndivyo ulivyosema. Na nilikuwa nimelala juu ya makaa." Kisha akamgeukia mumewe. "Nimrot, kitanda."

Nimrot akamtazama mama yake. Akamtazama mkewe. Akaweka kikapu chini, akaingia msongeni akiwa ameinamisha kichwa, akatoka na kitanda cha mianzi mgongoni. Hicho kilikuwa kitu cha kwanza nilichowahi kumwona akibeba kwa kumtetea mkewe, na alikibeba haraka, kana kwamba anaogopa kuitwa nyuma.

Baridi ya kwetu si ya mchezo, na Mama Orpa hakuisingizia. Asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe, na nyumba ya bati inavuja joto pande zote. Yublina aliziba nyufa kwa magunia, akasukuma viti vya plastiki ukutani, akamvalisha mtoto kofia na kumkaza kifuani, ngozi kwa ngozi, akajifunika naye vitambaa vyote vya mahari yake, vile vya kufumwa ambavyo wengine tunavitunza mpaka vinaliwa na nondo. Mchana jua likitoka alifungua madirisha. Alinyonyesha saa yoyote mtoto alipotaka, na ulipofika wakati wa chanjo alimpeleka.

Mlangoni aliweka ndoo ya maji na sabuni. Hapo ndipo kijiji kilipoudhika hasa. Sisi tunasalimiana pua kwa pua, na mtoto mchanga ndiye anayependwa kuliko wote. Kila anayeingia anambandika pua shavuni na kuvuta harufu yake mpaka ndani. Kumnyima mtu pua ya mtoto ni kumwambia ananuka. Yublina aliwanyima wote. Mwenye mafua alisalimia kupitia dirishani. Mwenye sigara alibaki uani.

"Kwani huyo ni mtoto wa mfalme?" jirani mmoja akauliza huku akinawa kwa hasira. "Hanuswi?"

"Ninuse mimi," Yublina akamwambia, akamtolea shavu. "Nimeoga."

"Damu nyeupe itakupanda, nakwambia. Hujakaushwa."

"Ikipanda nitaanza kukukimbiza wewe."

Kukandwa alikubali. Mama Orpa alikuja kila asubuhi na maji yanayofuka, akamkanda mgongo na tumbo kwa nguvu kama anafua blanketi. Yublina alikaza meno. Ilikuwa ndiyo amani pekee kati yao, kama unaweza kuiita amani.

Asubuhi moja ya baridi kali, baada ya kukandwa, Yublina alikwenda nyuma ya nyumba kumalizia kuoga. Mtoto alikuwa amelala kitandani. Mimi nilikuwa nalisha nguruwe, nikainua macho, nikaona moshi unapenya chini ya bati la nyumba ya mbele. Nikamwita kwa nguvu. Alipita mbele yangu anakimbia, nywele zinachuruzika maji, nguo ameikamata kifuani. Nikasikia dirisha linafunguliwa kwa kishindo. Kisha akatoka, mtoto kwenye mkono mmoja analia, na kwa mkono mwingine, uliofungwa kitambaa, anaburuta karai lililojaa makaa mekundu. Alilifikisha katikati ya uwanja, akaliinua upande, akayamwaga. Na ndoo ile ya kunawia akaimwagia juu yake.

Moto ukalia, ukafa. Nilibaki na pumba mkononi.

Ni lazima uelewe moto ule ulikuwa nini. Mama Orpa aliupokea kwa mama mkwe wake, naye aliupokea kwa wa kwake. Kuumwaga chini na kuutia maji mbele ya mwenyewe ni zaidi ya kumpiga kofi.

Mama Orpa alisimama mlangoni mwa nyumba ya mbele, koleo bado mkononi. "Umemwaga moto wa wazee wa mume wako."

"Nimemwaga moto uliokuwa chini ya mwanangu. Na madirisha umefunga."

"Nilikuja kumwangalia. Mikono yake ilikuwa ya baridi."

"Ukimwona wa baridi, mpakate, Mama. Kifua si unacho?"

Mama Orpa akapita kando ya majivu bila kuyatazama, akaingia msongeni. Kuanzia siku hiyo hakumkanda tena wala hakumsemesha. Kazi hiyo niliichukua mimi, na watu wakaanza kuninunia na mimi.

Habari ilifika kwa wazee wa ukoo wa Nimrot kabla makaa hayajakauka. Walikaa, wakatafuna tambuu, wakaamua. Arobaini ilikuwa karibu, siku ya kumtoa mtoto nje, na kwetu mtoto hatolewi bila mjomba. Mjomba ndiye shina. Ndiye anayempa pua mbele ya watu, na hapo ndipo mtoto anakuwa mtu wa ukoo. Wazee wakasema: kaka yake Yublina akimpokea mtoto, yaishe. Akikataa, Yublina arudi kwao, na mtoto abaki kwa bibi yake, msongeni.

Yublina alipoambiwa hakulia. Aliendelea kukatakata ndizi za nguruwe, kisha akasema, "Dada, wakimrudisha kwenye ule moshi, yeye atakwenda alikokwenda mwenzake." Akazirudia kuzikata zilezile alizokwisha kuzikata. Hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona ameogopa.

Nilianza kuona jambo jingine. Yublina akiwa anaanika nguo, Mama Orpa alikuja pole pole mpaka dirishani mwa nyumba ya mbele, akasimama amegeuza sikio. Hakuchungulia. Alisikiliza. Alikaa pale mpaka akaridhika, au mpaka akaogopa zaidi, sijui, kisha akarudi kwenye moto wake akiwa amejikunyata. Wakiwa na umri ule, wajukuu wake wengine wote walikuwa wakikohoa. Tulidhani ndivyo watoto walivyo.

Siku ya arobaini wakachinja nguruwe. Masufuria ya mahindi ya kuchemsha na maharage yalikuwa tayari, uwanja umejaa watu, na wengi, nisiwasingizie, walikuja kumwona Yublina anavyofukuzwa. Kaka yake, Habel, alifika kwa pikipiki kutoka bondeni, amejizungushia kitambaa shingoni, sigara ya karafuu mdomoni, kikapu cha tambuu begani. Ni mwanamume mkubwa, mwenye maneno, na alikuwa anakohoa. Alikohoa akishuka, akakohoa akitafuna popoo, akafuta mdomo kwa kiganja na kuunyosha mkono uleule.

"Haya. Mleteni mpwa wangu nimpe pua."

Yublina alikuwa mlangoni mwa nyumba ya mbele, mtoto kifuani, kofia imemfunika mpaka kwenye nyusi. Hakusogea.

"Karibu, Kaka. Pua nipe mimi. Mtoto mbariki kutoka hapohapo."

"Kwa nini?"

"Unakohoa."

"Ni vumbi la njiani."

"Vumbi halitoi jasho kwenye baridi hii. Una homa, Kaka. Mbariki kwa maneno, nitayabeba yote nimpelekee sikioni."

Watu wakaanza kunong'ona. Habel aliangalia kushoto na kulia, akaona anatazamwa. "Yublina, unajua unachokifanya? Bila mimi, huyo ni nani?"

"Ni mtoto anayepumua vizuri."

"Nikiondoka na tambuu zangu utarudi kwetu leo hii. Peke yako."

"Kwetu naijua njia. Lakini peke yangu siendi. Anayetaka kunitoa huyu kifuani aje amtoe, tuone."

Habel akakasirika, na mtu akikasirika anaokota jiwe lililo karibu. "Wa kwanza ulimwua kwa usingizi," akasema. "Huyu unataka kumwua kwa kiburi."

Kaka yake wa tumbo moja. Nilimtazama Yublina, nikaona uso wake umekuwa wa kijivu, na nikatafuta kitu cha kumrushia Habel, nikaona nimeshika mwiko tu. Nimrot akapiga hatua moja mbele, ya pili hakuipiga.

Ndipo Mama Orpa akatoka msongeni. Alitoka kwa kuinama kama tunavyotoka wote, akajinyoosha, koleo mkononi, masizi usoni, macho yanachuruzika machozi ya moshi kama ilivyo kawaida yake. Akapita katikati ya watu mpaka akasimama kati ya Habel na mlango.

"Wewe Habel. Kohoa tena."

"Shikamoo, Mama. Nini?"

"Nimesema kohoa."

Habel akataka kucheka, kifua kikamshinda, akakohoa mpaka akashika magoti. Mama Orpa alisubiri amalize.

"Huyu mtoto hajakohoa tangu aletwe," akasema. "Nimesikiliza kila siku. Hata mara moja. Hutamkohoza wewe." Akageuka, akawaangalia watu, na sauti yake ikashuka. "Na moto haukuzimika."

"Moto upi, Mama?" mzee mmoja akauliza.

"Wa Debora. Usiku ule haukuzimika. Nilikuwepo mimi, nauchochea mimi. Mama yake hakulala. Aliniomba nifungue mlango mtoto apate hewa, nikakataa, nikamwambia atamwua kwa baridi. Mtoto akivuta pumzi kwa taabu mimi naongeza kuni. Ulikuwa moto mkubwa kuliko yote niliyowahi kuwasha." Alikuwa anaiminya koleo ile kwa mikono miwili. "Nikasema umezimika kwa sababu sikutaka iwe mimi."

Masufuria yaliendelea kutokota. Mimi nilimwaza wangu wa tatu, yule aliyekufa, na mama mkwe wangu aliyekuwa akinitabasamia ng'ambo ya moshi, na nikakaa chini kwenye mawe.

Nilidhani Yublina atalia, au atamkumbatia, kama watu wanavyofanya kanisani. Alimpandisha mtoto vizuri begani. Aliinua kidevu, akatazama uwanja wote, kutoka kwa wazee wa ukoo mpaka kwa wale wanawake wa kisimani waliokuwa wamesimama nyuma kabisa karibu na zizi.

"Sema tena, Mama," akasema. "Walioko nyuma hawakusikia."

Mama Orpa akasema tena, kwa sauti, kuanzia mwanzo, na hakupunguza kitu.

Habel alitupa sigara. Alibaki palepale alipokuwa na akamwita mtoto kwa jina kutoka uwanjani, jina la nyanya yao, Sarci, mara ya kwanza kwa kukwaruza na mara ya pili vizuri, na wazee walipotazamana yeye akawaambia kama wanataka mjomba mwingine wakamtafute. Mama Orpa alikwenda kwenye ndoo, akanawa mpaka kwenye viwiko, masizi yakageuza maji kuwa meusi, akanawa tena. Kisha Yublina akampa mtoto, na bibi ndiye aliyemvusha kizingiti na kumtoa juani.

Moto wa msonge wao unawaka mpaka leo, na mahindi yao ni mazuri. Sarci anapanda ua wangu kuiba mapera, na wanaolitamka jina lile la mama yake kwa kubeza yeye anawarushia mapera mabichi.

Mke wa mwanangu anakaribia kujifungua. Juzi nilivitoa viti vya plastiki kwenye nyumba yangu ya mbele, nikapiga deki, nikaziba nyufa. Jirani akapita, akasimama, akaniuliza sasa wageni watakaa wapi. Nikamwambia watakaa nje.